Jina Lililobaki Kwenye Kompyuta ya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mwalimu wa hisabati na kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu iko Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, na nyumba yetu iko Uyole, kwa hiyo miaka mingi nilikuwa mtu wa kufika nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kompyuta tulikuwa nayo moja, ile ya kubeba kwenye begi, na yeye ndiye aliyeigawa.

Upande mmoja aliniachia windo, ile ya kawaida niliyoizoea, niandikie ripoti zangu za mbegu na mbolea. Upande wa pili aliweka mfumo mwingine wa bure ambao walimu wenzake walikuwa wanausifia, akaufunga kwa paswedi yake. Ukiwasha mashine na kubonyeza haraka kitufe cha juu kabisa kushoto, ilikuwa inatokea orodha fupi ya maandishi meupe. Mstari wa juu ulikuwa wake, wa chini wangu. Wake alikuwa ameupa jina la Darasa.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika jina lake mwenyewe.

"Nikiandika jina langu utakuja kuchungulia," akasema. "Ukiona darasa utakimbia."

Alikuwa ananijua. Hesabu nilizikimbia tangu shule.

Alipoanza kuumwa tulidhani ni vidonda vya tumbo. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatembea. Baada ya matibabu ya mwanzo aliomba akakae kwa mama yake, Iringa, upande wa Tosamaganga, kwa sababu hospitali haikuwa mbali na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mtu akiumwa anarudi kuwa mtoto. Nilikubali. Begi la kompyuta alilibeba mwenyewe mpaka kwenye basi, hakutaka nimsaidie.

Kila mwisho wa wiki nilikwenda. Nilikuwa nawakuta wamekaa uani, yeye na mama yake, blanketi moja limefunika magoti yao wote wawili maana baridi ya kule unaijua, na kompyuta iko juu ya kigoda, imewashwa. Alikuwa anamrekodi mama yake. Mama mkwe anaongea Kihehe, mke wangu anauliza kwa Kihehe, halafu wanacheka. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, Kihehe nakisikia vipande vipande. Nilikuwa naelewa pale walipotaja watu na mashamba, na pale mama mkwe alipoimba nyimbo za palizi. Kwingine kote nilikuwa nasikia sauti tu, ya mama na ya mwana. Zilifanana sana, tofauti ya mke wangu ni kwamba alikuwa anamkatiza mwenzake.

"Unafanya nini na hayo yote?" nilimuuliza siku moja.

"Nayatunza. Nikipata nguvu nitakaa niyaandike."

Nguvu hakuzipata. Siku za mwisho maneno yalikuwa hayatoki vizuri, na sisi tulikuwa tunashughulika na maji, uji, dawa, kumgeuza. Watu wameniuliza baadaye kwa nini sikumwomba paswedi. Najua kwa nini. Kumwomba mgonjwa paswedi yake ni kumwambia kwamba unajua anakwenda. Hakuna aliyekuwa tayari kumwambia hivyo, wala yeye hakutaka kutuambia.

Tulimzika kwao, kwenye udongo mwekundu, mvua ikinyesha kidogo kidogo.

Matanga yalipokwisha, binti yetu alifungua kompyuta kutafuta zile sauti. Ni mtoto wetu wa pekee, wakati huo alikuwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Alichagua mstari wa Darasa, mashine ikadai paswedi. Akajaribu tarehe ya kuzaliwa ya mama yake. Akajaribu yake mwenyewe, yangu, jina la shule, jina la kijiji, jina la mbwa tuliyekuwa naye zamani. Akampigia bibi yake simu kumuuliza jina la utani la mama yake utotoni, akaliandika kwa herufi ndogo, kisha kwa kubwa. Mashine ilikuwa inajibu maneno yale yale kila mara. Kwa miezi mingi tuliendelea hivyo. Nikiwa shambani, katikati ya maji na matope, linanijia neno, nasimama kwenye tuta nampigia: jaribu hili. Anajaribu. Hapana baba.

Na kila nilipozungumza na mama mkwe, baada ya salamu na habari za mvua, alikuwa anauliza swali lake. "Ile sauti mmeipata?"

"Bado, mama. Tunajaribu."

"Haya, baba. Jaribuni."

Msimu wa mvua uliofuata, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu mashine ikiwa kwenye chaji. Kuanzia siku hiyo ikagoma kuwaka. Feni ilikuwa inazunguka, kioo kinabaki cheusi na maandishi ya lawama ambayo sikuyaelewa. Binti yetu alikuwa ameshaanza chuo Iringa na alikuwa anaazima kompyuta za wenzake. Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta pale Mwanjelwa, mjini Mbeya, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, anayeongea taratibu kama muuguzi.

Aliichunguza mbele yangu. "Diski haijafa," akasema. "Ila mpangilio wake umevurugika. Itabidi nisafishe yote nipige windo upya. Kuna vitu unataka nikutolee kwanza?"

Nikamwambia ripoti zangu na picha. Hizo alizitoa, akaniwekea kwenye flashi. Kisha nikamwambia kuna upande wa pili.

Alihangaika nao muda mrefu. Hatimaye akavua miwani. "Huu umefungwa, baba. Bila paswedi, hata mimi nikiufungua naona mchanga tu, hakuna kinachosomeka. Ni wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Si umuulize?"

Akanitazama, akaelewa, akaweka mkono wake juu ya kompyuta. "Pole," akasema. "Naweza kukurudishia hivi hivi, ukaitunza. Lakini haitawaka."

Nikatoka nje ya duka nikampigia binti yetu. Nilimweleza kila kitu alichosema fundi.

"Futa, baba," akasema. "Tumejaribu sana. Mama mwenyewe angesema mashine ni ya kufanyia kazi. Futa."

Nikarudi ndani nikamwambia fundi asafishe.

Siku niliyokwenda kuichukua ilikuwa Jumamosi mchana. Nilipofika nyumbani niliiweka mezani, nikaiwasha, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kitufe cha juu kushoto, kwa mazoea ya miaka. Orodha ikatokea. Mstari wa juu uliandikwa Darasa.

Nilisimama. Nikakaa tena. Nilivaa miwani ya kusomea nikasoma herufi moja moja. Ilikuwa ni Darasa, vilevile alivyoiandika yeye. Nikauchagua mstari ule. Kioo kikawa cheusi kwa muda kidogo, kisha orodha ikarudi. Nikachagua tena, ikarudi tena. Haikuniomba paswedi. Lakini mimi sikuona ubaya wa hilo. Nilijiambia fundi amesafisha upande wangu tu, wa kwake ukamshinda, na labda sasa hata kufuli limelegea, anahitajika mtu anayejua auongoze kidogo tu. Mtu akitaka kuamini kitu, hakosi sababu.

Nikampigia binti yangu. "Mambo ya mama yako bado yapo," nikamwambia. "Lile jina lake la Darasa nimeliona kwa macho yangu."

"Baba, una uhakika?"

"Njoo uone."

Alisema atapanda basi kesho yake asubuhi. Kisha nikafanya jambo ambalo laiti ningelisubirisha siku moja tu. Nilimpigia mama mkwe. Kwa kawaida sisi wakwe hatuongei sana kwenye simu, heshima hairuhusu porojo, lakini siku hiyo sikuweza kunyamaza.

"Mama, ile sauti," nikasema. "Nadhani tumeipata."

Upande wa pili nilisikia kitu kinawekwa chini, sufuria labda. Kisha nikamsikia anamwambia mtu aliyekuwa naye, kwa Kihehe, maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: mwanangu amepatikana.

Binti yangu alifika Uyole kesho yake mchana. Hakula, hakunawa hata uso. "Shikamoo baba," akasema, akapita moja kwa moja hadi mezani. Aliwasha, akabonyeza kitufe, orodha ikatokea. Alipoliona neno lile alijifunika mdomo kwa kiganja. Alilichagua. Giza, kisha orodha. Nilimwona mabega yanaanza kushuka, lakini sikujua kwa nini.

"Ngoja kwanza nione kitu," akasema.

Aliingia kwenye windo, akafungua sehemu inayoonyesha diski ilivyogawanywa. Aliitazama kwa muda. Nikavuta kiti nikakaa karibu yake.

"Baba, ona hapa. Zamani diski ilikuwa na vipande, cha kwako na cha mama. Sasa hivi yote ni kipande kimoja. Hivi vidogo pembeni ni vya windo yenyewe. Cha mama hakipo."

"Lakini jina lipo."

"Jina halikai kwenye diski." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayembeba mwenzake kwenye ngazi. "Lile jina linakaa kwenye ubao wa mashine, ule wa umeme ulio ndani, kwenye kumbukumbu ndogo ambayo haifutiki ukifuta diski. Mama alipoweka mfumo wake, mashine iliandikiwa kwamba ukitaka Darasa nenda mahali fulani. Fundi alisafisha mahali penyewe. Maelekezo hakuyagusa. Sasa mashine inakwenda pale, haikuti kitu, inarudi."

"Kwa hiyo nikichagua..."

"Inakwenda inarudi. Ndiyo hivyo tu."

Alilaza kichwa juu ya meza, pembeni ya kompyuta, akalia kama alivyolia siku ya mazishi, mgongo wote ukitikisika. Nilimwekea mkono mgongoni. Nilikuwa nafikiri kwamba mtoto huyu alikuwa amekwisha kuniambia nifute, alikuwa amekwisha kukubali, na mimi ndiye niliyemtoa Iringa kuja kufiwa mara ya pili. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu, "Pole mama." Hivyo ndivyo ninavyomwita tangu akiwa mdogo.

Alipotulia akaenda kunawa. Aliporudi alikaa tena mbele ya mashine.

"Tuliondoe hili jina," akasema.

"Likikaa lina ubaya gani? Halili kitu."

"Mimi ndiye nitakayeitumia, baba. Kila nikiwasha nitalibonyeza. Najijua. Nitakuwa na mtihani kesho yake, nitakaa nalibonyeza."

Nilitaka kumkatalia. Nilitaka kumwambia nitamtafutia kompyuta nyingine, hii ibaki hapa na jina lake, iwe yangu. Nilimtazama uso, macho yamevimba, na mikono yake tayari iko juu ya vitufe, mikono ya mama yake kabisa, vidole virefu na kucha fupi. Nikasema sawa.

Alifungua dirisha jeusi, lile la kuandika amri. Akaandika maneno, mashine ikamwaga mistari mingi ya maandishi. Katikati yake kulikuwa na neno Darasa, na mbele yake msururu mrefu wa namba na herufi. Alinakili ule msururu kwa uangalifu, akaulinganisha na wa juu kwa kugusa kioo kwa kidole, maana, alivyoniambia, ukikosea ukafuta wa windo mashine haitajua pa kuanzia. Kisha akaandika amri ya kufuta. Hakubonyeza.

"Baba, unataka kusema kitu?"

Nilifikiri. Kilichonijia ni sala ya Baba Yetu, nikaona haifai kwa mashine. "Hapana," nikasema. "Bonyeza."

Akabonyeza. Likatokea jibu fupi kwamba imefanikiwa. Akazima, akawasha, akabonyeza kitufe cha juu kushoto. Orodha ilitokea ikiwa na mstari mmoja peke yake. Orodha ya kitu kimoja ni kitu cha ajabu kukitazama. Alikaa nayo kidogo, kisha akaingia, mashine ikawaka vizuri kabisa, haraka kuliko zamani. Akaenda jikoni kubandika maharage. Mimi nilibaki pale, nikisikia anavyochambua mawe na kuyatupa kwenye sahani ya bati.

Wakati wa kula ndipo nilipomwambia kuhusu bibi yake.

Aliacha kijiko. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia imepatikana?"

"Nilisema nadhani."

"Bibi hajui nadhani, baba." Hakusema kwa hasira. Akasukuma sahani yake kando. "Kwa simu hapana. Tukamwambie."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukapanda basi pamoja. Yeye alikaa dirishani, begi la kompyuta mapajani. Mpaka tunapita Makambako hatukuwa tumezungumza cha maana. Nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Nilijaribu kuyaanza kwa ubao wa mashine na diski, nikaona mama yule hana haja na ubao.

Mama mkwe alitusikia kabla hatujafika uani. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na kile kigoda alikuwa amekiweka mahali pake pa zamani, penye kivuli, amekifuta vumbi. Majirani wawili, akina mama wa jumuiya yake, walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Aliwaita waje wasikie.

"Kamwene," tukasalimiana. Nikakaa mbali naye kidogo kama inavyopasa. Binti yangu alikwenda kupiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Bibi," akasema, "hatujaipata."

Mama mkwe akanitazama mimi. Ni jambo ambalo kwa kawaida hafanyi, kunitazama usoni.

"Baba alisema imepatikana."

"Nilikosea, mama," nikasema. "Niliona jina aliloliandika, nikadhani na yeye yumo. Kilikuwa kimebaki jina tu. Vingine vyote vilishafutika."

Wale majirani waliinamisha macho. Mmoja akaanza kusema ni mapenzi ya Mungu, mwenzake akamgusa goti. Mikono ya mama mkwe bado ilikuwa kwenye mikono ya mjukuu wake.

"Bibi," binti yangu akasema, "zile hadithi unazikumbuka. Na nyimbo. Naweza kukurekodi upya, hata leo. Nimekuja na mashine, inafanya kazi vizuri."

"Nazikumbuka," akasema. "Hadithi zangu ninazo. Mimi nilikuwa nataka ya kwake."

"Bibi..."

"Mimi nilikuwa nasema, yeye ananiuliza. Ananikatiza. Anacheka. Hayo ndiyo nilitaka nisikie. Ya kwangu nitayafanyia nini?"

Kisha aliomba aonyeshwe hiyo mashine. Binti yangu akaiweka juu ya kigoda, akaiwasha. Ikatokea picha ya kawaida inayokuja na windo, milima na ziwa la nchi nyingine. Mama mkwe aliitazama kwa makini, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama anatafuta mtu ndani yake.

"Ni nzuri," akasema. Akainuka akaenda jikoni kuangalia moto.

Nilitaka kubaki, lakini kulikuwa na kitalu cha miche kinachonisubiri Ubaruku, na kusema kweli nilikuwa naona kuwapo kwangu kunamlazimisha mama yule kujikaza. Binti yangu alisema atalala pale, chuo atakwenda kesho. Nilipomuaga mama mkwe, alitoka mlangoni, macho mekundu, angeweza kusema ni moshi.

"Nisamehe, mama."

"Ulinifurahisha siku mbili, baba," akasema. "Nenda salama."

Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa shukrani au lawama, na sijawahi kumuuliza.

Basi la kurudi lilisimama Nyololo abiria wanunue mahindi ya kuchemsha. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na baridi imeanza. Simu ikaita, alikuwa binti yangu. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Amekula?" nikamuuliza.

"Hajala. Amejilaza. Ameniambia nikae naye, nisiongee."

"Basi kaa naye."

"Nipo," akasema. "Nimekaa."

Hakukata simu, na mimi sikukata. Watu walirudi kwenye viti vyao, dereva akawasha gari, nikaendelea kuishikilia simu sikioni nikisikia pumzi yake na, mbali kidogo, ya mama mkwe, mpaka mtandao ulipokatika.